Myahudi wa Mwisho na Shemeji Yake

Morley Zaretsky aliupata Uyahudi wa mwisho akiwa mzee tayari, akaushika kama cheo cha kuteuliwa na serikali. Kila Desemba gazeti la mji wetu lilimpiga picha akiwasha mishumaa ya sikukuu yao dirishani, na chini ya picha waliandika maneno yale yale: Bwana Zaretsky, Myahudi wa mwisho wa Kettle Ridge. Shule ya msingi ilimwalika awaeleze watoto kwa nini hali nyama ya nguruwe. Kanisa la Walutheri lilimwalika aonje supu yao na kuisifu. Redio ya wakulima, kati ya bei ya ngano na habari za theluji, ilimpa nafasi ya kuhuzunika hewani, naye alijua kuhuzunika. Alikuwa hata na kofia maalumu ya kazi hiyo.

Tatizo lilikuwa moja tu. Hakuwa wa mwisho.

Mitaa mitatu kutoka kwake, katika nyumba ya matofali mekundu, aliishi Faygie Brodner, Myahudi kwa baba na kwa mama, mzima wa afya, anayetafuna kwa meno yake mwenyewe. Wala usidhani Morley alimsahau. Faygie alikuwa mdogo wake Estelle, marehemu mke wa Morley, kwa hiyo ni shemeji yake kabisa. Karibu kila wiki walikutana kwenye duka la vyakula, mbele ya rafu ya samaki wa siki ambao hakuna mwingine mjini aliyewanunua, na kila mmoja alisoma chupa yake kwa makini kana kwamba ina habari za vita. Kisha wakapeana kisogo na kwenda kulipa kwenye mistari tofauti. Mwenye duka, mtu asiye na makuu kama wengi wa Saskatchewan, jimbo letu hili la Kanada, alikuwa akiagiza chupa mbili tu, na hakuwahi kuuliza.

Morley alizaliwa juu ya duka. Baba yake aliwauzia wakulima ovaroli na buti, na kwenye kibao aliandika "Zaretsky na Wanawe" kabla hajapata mtoto hata mmoja. Alipata mmoja tu, akakiacha kibao kama kilivyo. Siku hizo Kettle Ridge ilikuwa na Wayahudi wa kutosha kugombana vizuri. Walikuwa na sinagogi la mbao lenye kuba dogo la bati, rabi aliyelipwa nusu kwa fedha na nusu kwa kuku, chama cha akina mama, chama cha mazishi, na kamati iliyoundwa kuchunguza kamati nyingine. Morley alimwoa Estelle, msichana mpole aliyekuwa akicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja. Faygie, mdogo mtu, hakufunika chochote.

Watoto walizaliwa, wakasoma, wakawa madaktari wa meno. Na daktari wa meno wa Kiyahudi hakai Kettle Ridge. Anakaa Toronto au Vancouver, na kila kiangazi analeta wajukuu waje waone trekta. Basi wazee wakabaki, wakapungua, na kadiri walivyopungua ndivyo ugomvi ulivyonoga, maana kila mtu sasa alilazimika kugombana kwa niaba ya wengi.

Ule ugomvi mkubwa ulitokea zaidi ya miaka ishirini iliyopita, na ulitokea Siku ya Upatanisho. Usishangae, siku hiyo watu wamefunga na wana njaa. Familia ya Brodner ilikaa benchi la mbele, kando ya dirisha. Familia ya Zaretsky ilikaa nyuma yao. Faygie, ambaye alikuwa katika ule umri ambapo mwanamke anawaka moto bila kuwashwa, alifungua dirisha. Upepo wa nyika ukampiga Morley shingoni. Morley akanyoosha mkono, akafunga. Faygie akafungua. Sala ilikuwa imefika pale ambapo watu wote wanasimama wakijipiga kifuani na kuungama dhambi moja baada ya nyingine, ikiwemo ya kuwa na shingo ngumu, na wale wawili waliungama kwa sauti kubwa, mkono mmoja kifuani, mwingine kwenye kitasa cha dirisha.

Kufikia jioni sinagogi lilikuwa na vyama viwili, Wafungaji na Wafunguaji. Rabi alitafuta maneno ya kuwapatanisha, akayapata, akayasema, wote wakamgeukia yeye. Na kwa kuwa desturi ya Wayahudi ni kwamba mfungo ukishaisha mtu anapiga msumari wa kwanza wa kibanda cha Sikukuu ya Vibanda, Morley alitoka nyumbani kesho yake asubuhi na nyundo na misumari mirefu. Kibanda hakikujengwa mwaka ule. Misumari yote aliishindilia kwenye lile dirisha.

Tangu siku hiyo hawakusemezana. Estelle ndiye aliyekuwa daraja. "Mwambie mumeo moshi wake unaingia kwetu." "Mwambie dada yako moshi hauna pasipoti." Estelle alipofariki, Morley alikaa matanga sebuleni kwenye kigoda, na Faygie alikaa matanga jikoni kwenye kigoda kingine, kila chumba na waombolezaji wake. Bibi Halvorsen, jirani Mlutheri mwenye moyo wa dhahabu, alipita katikati na birika siku zote saba, akidhani ndivyo Wayahudi wanavyoomboleza. Hadi leo huwaeleza watu desturi hiyo kwa heshima kubwa.

Baadaye sinagogi likafungwa. Mwandishi wa gazeti, kijana aliyetumwa kuandika habari ya paa lililobomoka, alimuuliza Morley, "Mmebaki wangapi sasa?"

"Mimi tu," alisema Morley.

Hakupanga kusema hivyo. Lilimtoka. Lakini kesho yake alijiona kwenye ukurasa wa mbele, amesimama mbele ya mlango wenye kufuli, uso umejaa historia, akajipenda. Angeweza kupiga simu na kurekebisha. Aliinua simu mara kadhaa, akakumbuka shingo yake, akairudisha.

Faygie alisoma gazeti lile akinywa chai. Hakupiga kelele. Alimwita Bibi Halvorsen na kumtuma, "Mwambie Morley, marehemu Faygie anamsalimu."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokaa, mpaka alipokuja Brooke Lindqvist.

Brooke alikuwa msichana mwenye miwani mikubwa na shahada mbili, aliyepewa kusimamia makumbusho ya mji, yaliyomo katika ile iliyokuwa stesheni ya reli. Kabla yake makumbusho yalionyesha jembe, picha ya jembe, na bata mzinga aliyekaushwa. Brooke alitaka makubwa. Alitaka maonyesho juu ya sinagogi na maisha ya jamii yake, na alishayapa jina: Taa Iliyozimika. Alikuja kwa Morley na kinasa sauti.

"Bwana Zaretsky, naomba uniambie jamii yenu iliishije."

"Kama familia moja," alisema Morley.

"Hamkuwa na migogoro?"

"Migogoro?" Morley aliangalia mbali, kama alivyofundishwa na redio. "Mwanangu, tulikuwa wachache mno. Tungegombana na nani?"

Macho ya Brooke yalilengwa na machozi. Morley akamwongezea keki ya asali, na yeye mwenyewe akaongeza chumvi katika habari. Kwa wiki nzima alimpa wazee waliopendana, akina mama walioshirikiana sufuria, rabi aliyeheshimiwa. Chama cha mazishi na chama cha akina mama, ambavyo viliwahi kupelekana mahakamani kwa ajili ya viti vya kukunja, katika maelezo yake vilitembea vimeshikana mikono. Brooke hakuuliza kama kuna mwingine wa kumhoji. Wa mwisho ni wa mwisho. Ukianza kutafuta wengine unaharibu maonyesho.

Siku moja alimwonyesha vitu vilivyookolewa kabla sinagogi halijabomolewa: mabenchi, pazia la sanduku la Torati, taa ya shaba. Na lile dirisha, zima, na fremu yake, na misumari yote.

"Hapa nakuhitaji," alisema Brooke, akiigusa misumari kwa ncha ya kidole. "Kwa nini liligongelewa hivi? Tena kutokea ndani?"

Morley alitia mikono mifukoni. "Kulikuwa na baridi," alisema.

"Baridi," Brooke alirudia polepole, kama mtu aliyeelewa zaidi ya alichoambiwa. "Ndiyo. Ndiyo, bwana. Naelewa."

Alichokielewa Brooke, Morley alikiona siku ya ufunguzi. Ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi umejaa. Meya alikuwepo na mkufu wake. Mezani kulikuwa na jibini kwenye vijiti, na mikate ambayo mtu mwenye nia njema alikuwa ameipekua na kuondoa vipande vya nguruwe, akaacha haradali yake. Ukuta wote wa mbele ulikuwa uso wa Morley, mkubwa kuliko mlango wa ghala, na maneno WA MWISHO juu ya kofia. Morley alipita chini ya pua yake mwenyewe, akaridhika nayo. Kisha akafika kwenye dirisha, lililoning'inizwa peke yake na kumulikwa kama mtakatifu, akasoma maelezo yaliyobandikwa kando.

"Misumari hii ilipigwa na mikono isiyojulikana. Inashuhudia hofu ya jamii ndogo iliyolazimika kujifungia ndani, dhidi ya ulimwengu uliowachukia."

Wakazi wa asili ya Kiukreni, ambao baba zao walinunua ovaroli kwa Zaretsky na kulipa wakati wa mavuno, walisimama mbele ya maelezo yale na vichwa vimeinama. Mmoja alimshika Morley bega. "Tusamehe," alinong'ona. "Hatukujua."

Hapo ndipo mtu mwenye haya angefungua mdomo. Morley alisema, "Yamepita," akachukua jibini.

Na hapo ndipo Faygie alipoingia, na koti lake la zambarau, na mkoba wa kumtosha mtoto. Watu walimpisha kwa adabu, wakidhani ni bibi wa kawaida. Alimtazama Morley wa ukutani kwa muda. Alitazama taa, akatazama mabenchi. Akafika kwenye dirisha, akavaa miwani, akasoma. Mabega yakaanza kumtetemeka. Brooke alimkimbilia na karatasi laini.

"Pole sana, mama. Dirisha hili linamgusa kila mtu."

"Limenigusa," alisema Faygie, akajifuta macho, na ndipo ilipoonekana wazi kwamba anacheka. "Ee Mungu wangu, limenigusa kweli. Ulimwengu uliowachukia! Binti, nani kakuambia haya?"

"Ni... ni matokeo ya utafiti wetu."

"Utafiti wenu ule pale, anakula jibini. Morley! Hebu njoo hapa!"

Yalikuwa maneno ya kwanza kumwambia tangu siku ya dirisha. Morley alikuja, kwa sababu meya alikuwa anaangalia.

"Shemeji," alisema, kama mtu anayemsalimia mtoza kodi.

"Kumbe unanifahamu? Nilidhani mimi marehemu."

"Nani kasema marehemu? Sijasema mimi. Gazeti ndilo..."

"Gazeti lilikung'oa maneno mdomoni kwa koleo? Haya, mwambie mtoto wa watu nani alipiga misumari hii."

"Mambo ya zamani hayo, Faygie."

"Haya ni makumbusho, Morley! Mambo ya zamani ndiyo biashara yao!"

Ukumbi mzima uligeuka. Hata yule wa Kiukreni aliinua kichwa. Morley alitazama huku na huku, na popote alipotazama aliuona uso wake mwenyewe unamsikiliza.

"Nilipiga mimi," alisema. "Kulikuwa na upepo. Shingoni."

"Upepo! Mwili mzima unaniwaka, nimefunga, sijaonja hata tone la maji, na bwana huyu analinda shingo kama vile ameiazima!"

"Ungebadilisha kiti!"

"Ungevaa skafu!"

"Samahani," Brooke alisema kwa sauti ya mgonjwa. "Kwa hiyo... hapakuwa na wavamizi?"

"Nilikuwepo mimi," alisema Faygie.

"Na ninyi mko... wawili?"

Wote watatu wakatazama juu, kwenye herufi zile kubwa. Meya, mtu wa suluhisho, alikohoa na kupendekeza kwamba labda pangebandikwa neno dogo mbele, isomeke "Miongoni mwa wa Mwisho". Brooke alifumba macho.

"Huyu hata kusali haendi," Morley alisema, kwa kuwa cheo hakiachwi hivihivi.

"Nikasali wapi? Sinagogi lenyewe ndilo hili, na umesimama ndani yake unatafuna!" Kisha Faygie akapunga mkono, kama mtu anayefukuza nzi. "Acha, binti, usihangaike. Usibandike kitu. Wiki hii nahamia Toronto kwa Sharon, mwanangu. Nyumba nimeshauza. Nikishaondoka maandishi yenu yatakuwa kweli tupu, neno kwa neno. Nilikuja tu kuaga mabenchi." Akamgeukia Morley. "Hongera. Kazi ni yako."

Siku nyingine yoyote katika miaka ile ishirini, Morley angelala usingizi mtamu kwa habari kama hiyo. Mbele ya rafu ya samaki aliwahi hata kuiombea. Sasa aliweka jibini mezani. Aliipita ile kamba nyekundu ya "Usiguse", akakaa kwenye benchi lake la zamani. Mlinzi alisogea, Brooke akamzuia. Faygie alibaki amesimama kidogo, akajivuta, akakaa benchi la mbele, mahali pake, akageuza shingo kumtazama.

"Toronto kwa muda gani?" aliuliza Morley.

"Umri huu mtu haendi Toronto kwa muda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje? Nimtume Bibi Halvorsen na birika?"

Morley alikuna mbao ya benchi kwa ukucha. Kulikuwa na swali alilokuwa nalo tangu siku ile, na kwa ujeuri hakuwahi kumuuliza mkewe, na mkewe, kwa upole wake, hakuwahi kulijibu bila kuulizwa.

"Estelle alikuwa upande wa nani?" alisema. "Siku ile. Lifunguliwe au lifungwe?"

"Estelle?" Faygie alimshangaa. "Estelle alitaka kwenda nyumbani kula. Aliniinamia sikioni, akaniambia, 'Mkiuana leo sitalia, mimi nawaza tambi zangu kwenye oveni.' Halafu akaanza kucheka, na kiganja kile kile mdomoni. Rabi akadhani anatubu."

Morley alicheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameishi na mwanamke yule karibu maisha yake yote, akamzika, akamwashia mshumaa kila mwaka, na bado kulikuwa na sentensi yake ambayo hakuwahi kuisikia. Ilikuwa mitaa mitatu tu kutoka kwake, ndani ya nyumba ya matofali mekundu. Huenda kulikuwa na nyingine, mamia, za utotoni, za jikoni, za kitandani dada wawili wakisengenya, na zote zilikuwa zimefungashwa kwenda Toronto. Mtoto wake wa Vancouver alimjua mama. Kettle Ridge nzima ilimjua Bibi Zaretsky wa dukani. Estelle mwenyewe walimjua watu wawili tu. Na mwakani atakapomwombea, atasema sala yote mpaka mwisho, halafu atasubiri mtu aseme amina, na hakuna atakayesema. Alikipigania cheo kile miaka yote bila kujiuliza hata mara moja kama kinakuja na nani. Aliogopa, jamani. Mzee mzima aliogopa kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake na treni inaondoka.

"Faygie," alisema.

"Usianze."

"Sijaanza."

"Basi usianze. Nina safari."

Meya alikuwa ameshapanda jukwaani, kwa kuwa ratiba ni ratiba. "Mabibi na mabwana," alitangaza, kwa sauti ya mtu ambaye ameamua kwamba hakusikia lolote, "Myahudi wa mwisho wa Kettle Ridge!"

Makofi yalipigwa. Morley alitembea mpaka mbele, akavua kofia, jambo ambalo hakuwahi kulifanya jukwaani. Hotuba aliijua kwa kichwa. Ilianza na mshumaa mmoja katika upepo, ikaishia na mshumaa huo huo, na katikati mlikuwa na mahali pa kusimama na kuvuta pumzi. Alivuta pumzi. Mshumaa haukuja.

"Meya amekosea," alisema. "Nimemkosesha mimi. Yule pale kwenye benchi, mwenye koti la zambarau, ni Faygie Brodner. Ni shemeji yangu. Ni mtu mgumu, hajawahi kukubali jambo hata moja nililosema, na ninaomba mumtazame vizuri." Watu wakageuka kutazama. Faygie aliushika mkoba wake kwa mikono miwili, akakunja uso. "Tuko wawili," alisema Morley. "Mpaka Ijumaa, tuko wawili."

Ukumbi ulipiga makofi mazito. Bibi mmoja alilia. Brooke aliwasha kinasa sauti chake.

"Alhamisi!" Faygie alipaza sauti kutoka kwenye benchi. "Ndege ni Alhamisi, Morley! Nani anasafiri Ijumaa, Sabato inayoingia jioni inamngoja mlangoni?"

Morley alifungua mdomo abishe, kwa mazoea tu. Akaufunga. Kisha akakisogelea kipaza sauti tena, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Mpaka Alhamisi," alisema.